Jua Letu na Moshi wa Kumpokea Mgeni

Siku ya kuniaga kazini mlinipa mwavuli. Ni mwavuli mzuri, nashukuru, ila Bwana Sudi mwenye duka pale Kayanga aliponiona napita nao alicheka mpaka akaegemea meza. "Mama Jua," akasema, "umekaa na serikali umri wako wote ukiwatazamia mbingu, halafu wanakupa mwavuli? Kumbe hawakuamini ulichokuwa unawaambia?" Mliniomba pia niandike machache kuhusu kazi yetu, ili ninyi mnaobaki kituoni, mnaolisoma jua kwenye simu mkiwa mmekaa kivulini, mjue zamani lilisomwaje. Ya vyeo na mishahara nayaruka. Hayakuwa mengi, na yaliyokuwepo hayachekeshi.

Nilifika kituoni nikiwa msichana aliyetoka shule juzi, nikiamini kwamba kupima hali ya hewa ni kutabiri mvua. Aliyenipokea ni Ta Rwegasira (Ta kwetu ni Bwana, kama Ma alivyo Bibi), mkuu wa kituo, mtu mrefu na mkavu, mwenye kofia ya sufu ambayo haikuvuliwa hata jua likiwaka vipi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akauliza, "Anga likoje leo?"

Nikatazama juu nikasema ni zuri.

"Zuri ni neno la kadi ya harusi, binti. Hapa tunaandika tunachokiona. Unaona nini?"

Akanishika mabega akanigeuza kuelekea magharibi, akanionyesha vilima kwa zamu: cha karibu chenye kanisa la kigango, cha pili chenye mikaratusi, na mwisho kabisa, ng'ambo ya Mto Kagera, vilima vya Rwanda. Ukiviona vya Rwanda na mikunjo yake yote, alisema, hewa ni safi. Ukiviona vimekuwa bapa, vya bluu, kama vimekatwa kwa mkasi kwenye karatasi, hewa ina vumbi. Usipoviona kabisa na hakuna wingu, basi kuna mtu anachoma rweya. Rweya, kwa asiye wa huku, ni ile nyika ya majani iliyo vilimani nje ya vibanja vyetu vya migomba na kahawa. Kila kiangazi huwa kuna mtu anachoma rweya, na kila ukiuliza ni nani, aliyechoma ni mtu wa kilima cha pili.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa tufe la kioo. Nyuma yake tulichomeka kadi, jua likapita kwenye kioo likakusanyika kuwa nukta moja kali, na nukta ile ikaichoma kadi na kuacha mstari mweusi. Wingu likipita, mstari unakatika. Jioni unaichomoa kadi na unajua jua lilifanya kazi kwa saa ngapi, jambo ambalo kwa watumishi wengine wa umma hatujapata chombo cha kulipimia. Ta Rwegasira alilifuta tufe lile kila asubuhi kwa kitambaa cha pamba alichokitunza mfukoni mwa shati, na alikuwa na ugomvi wa kudumu na kunguru mmoja aliyependa kukaa juu yake. Alimwita kunguru yule Mkaguzi, kwa sababu alikuja bila taarifa, akachafua, akaondoka.

Mwezi wangu wa kwanza wa kiangazi nilimletea kadi nikidhani imeharibika. Siku nzima hapakuwa na wingu, lakini asubuhi kadi haikuungua hata kidogo, na mchana mstari ulikuwa mwembamba kama umechorwa kwa penseli. Ta Rwegasira hakuitazama kadi. Alinipeleka uani akanionyesha kivuli cha nguzo ya ua.

"Kando zake zikoje?"

"Zimefifia."

"Basi." Akanieleza jambo ambalo ndilo lililonilisha miaka yote. Jua hutufikia kwa njia mbili. Kuna lile linalokuja moja kwa moja kama mtu anayejua aendako, ndilo linalotupa kivuli chenye kando kali na ndilo linalochoma kadi. Na kuna lile lililogongana na vumbi, mvuke na moshi njiani likatawanyika, likafika kutoka kila upande bila nguvu. Anga lisilo na wingu si lazima liwe anga safi. Mkulima akitazama juu anaona bluu anaridhika. Sisi tunatazama kivuli.

Kesi ngumu zilikuwa za watu zaidi kuliko za mbingu. Mvua ikichelewa, wazee walikuja kutuuliza tumeizuia kwa nini, na mmoja alituomba tulifunike lile tufe angalau wiki moja tuone. Paroko mmoja alitaka nimhakikishie jua kwa ajili ya kipaimara. Kiongozi mmoja wa mjini alituandikia akielekeza kwamba siku ya ziara yake hali ya hewa iwe ya kuridhisha. Ta Rwegasira alimjibu kwa heshima zote kwamba maelekezo yamepokelewa na yamepelekwa panapohusika. Siku ile mvua ilinyesha kutwa, na hakuna aliyetulaumu, maana barua ilionyesha kwamba sisi tulitimiza wajibu wetu.

Ta Rwegasira alistaafu, akafa, nikabaki na kitambaa chake cha pamba. Niliendelea na tufe, vilima na kivuli mpaka mwaka wangu wa mwisho kazini, alipokuja Injinia Anitha.

Alikuwa binti wa Mwanza, mdogo kuliko mtoto wangu wa kwanza, na kazi yake aliijua sawasawa. Nalisema hili mapema ili asiwepo wa kudhani nitawasimulia jinsi msomi alivyofundishwa na mama wa kijijini. Alikuja kwa ajili ya maji. Kilima chetu, upande wa Chonyonyo, kina chemchemi nzuri sana, ila iko chini bondeni, na watu wako juu. Wafadhili walikuwa tayari kuleta pampu ya sola ya kupandisha maji hadi kwenye tenki mlimani, lakini walitaka kwanza uthibitisho wa nguvu ya jua la moja kwa moja, kwa sababu paneli zao zilikuwa za aina inayogeuka kulifuata. Walikuwa na fomula ya kulikadiria, iliyotengenezwa kwa nchi kame zenye anga angavu. Fomula inaanza na nguvu ya jua huko juu kabla halijaingia hewani, kisha inapunguza kidogo kidogo: jua limepanda kiasi gani, mahali pameinuka kiasi gani, hewa ina mvuke kiasi gani, ina vumbi na moshi kiasi gani.

"Kiangazi, kwa mwinuko wenu huu, anga lenu linakaribia la nchi kame," Anitha alinieleza. "Nikipata mchana mmoja safi, nikapima, na kipimo kikalingana na fomula, mmepata pampu. Kisipolingana, kilima kinaondolewa, pampu inakwenda wilaya nyingine."

Fomula ilikuja pamoja na fomu yake, na fomu nayo ilikuwa ya jangwani. Iliuliza umbali wa kutoka mahali pa kupimia hadi kwenye vilima vya mchanga vilivyo karibu. Tukaandika kwamba mchanga uliopo ni wa Ta Bagenda, mwenyekiti wa kijiji, aliouleta kujengea choo. Iliuliza pia ni mnyama gani anayetumika kubeba maji mahali hapa, ngamia au punda. Ma Kokuhirwa alikuwa amekuja kituoni siku hiyo, amekaa nasi. Huyu alikuwa mke wa Ta Bagenda, yeye mwenyewe mwenyekiti wa kamati ya maji, na rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kile kilima, na sauti yake ilikuwa haijapungua hata kidogo.

"Andika wanawake," akasema.

Anitha akacheka, kisha akaacha kucheka, akaandika.

Kabla ya kuja kwetu alifanya jaribio Nyakatuntu, huko Kyerwa, nami nikaenda naye. Chombo chake kilikuwa bomba jembamba lililokaa juu ya miguu mitatu. Unalilenga jua mpaka nukta ya mwanga iangukie katikati ya alama, unasoma kipimo, basi. Lakini Kyerwa wana madini ya bati chini ya miguu yao, na mtu wa huko akiona mgeni na chombo cha miguu mitatu hafikirii jua. Watu walikusanyika wakatutazama.

"Dada," akauliza mmoja, "kinaona mbali kiasi gani kwenda chini?"

"Kinatazama juu, kaka," Anitha akamjibu. "Ninapima jua."

Yule bwana akaangalia juu, akaangalia chombo, akatikisa kichwa kama mtu aliyedanganywa kistaarabu. "Sawa," akasema. "Hatutamwambia mtu."

Tulipopita njia ile siku iliyofuata, mahali palipokuwa na ile miguu mitatu palikuwa na mashimo matatu ya kina cha kifua, na wanaume walikuwa wakibishana ni lipi lenye dalili nzuri. Anitha aliniuliza kama turudi kuwaeleza. Nikamwambia tuendelee na safari, maana maelezo yetu yangeyaongeza mashimo.

Jumatatu tulifika kilimani kwetu. Gari la Anitha lilikuwa limwache hapo na kurudi kumchukua Jumamosi. Alifikia nyumbani kwa Ta Bagenda, na tangu tukiwa barabarani niliona mambo yameharibika. Mgeni akija kwetu, mahali anapofikia panasafishwa, na nyasi ndefu hazina namna nyingine ya kusafishwa haraka zaidi ya kiberiti. Ta Bagenda alikuwa amesafisha. Alisafisha uwanja wa kupimia, akasafisha njia ya kwenda uwanjani, na moto ulipoonyesha moyo wa kujitolea, akauacha usafishe na mteremko wote. Alitupokea katikati ya moshi, akiwa na shati jeupe na furaha ya kweli.

"Karibu, Injinia! Tumekuandalia!"

Jua lilikuwa jekundu kama nyanya, saa sita mchana.

Sikumlaumu Anitha aliposhindwa kusema. Mtu akikutilia maji ya kunawa huwezi kumwambia ni ya moto. Alishukuru, akafunga chombo, akakohoa mpaka jioni. Ma Kokuhirwa ndiye aliyesema kwa niaba yake, na nadhani Kayanga walisikia.

"Bagenda! Mtu amekuja kutazama jua, wewe unamzibia?"

"Ma Kokuhirwa, ningemwacha mgeni apite kwenye nyasi zenye nyoka?"

"Angepita kwenye nyoka akaliona jua!"

Jumanne moto ulikatazwa kwa kipaza sauti. Lakini habari za mgeni zilikuwa zimefika kwa wakubwa, nao wakubwa hawawezi kuacha mgeni akae bila kusalimiwa. Wakaja na magari yao kwa barabara yetu ya vumbi, wakapanda hadi uwanjani penyewe, wakasimama mbele ya chombo wapigwe picha. Vumbi lilipokuwa linatua, likaja la magari ya kuondoka. Katikati hapo wakala, na chakula cha wakubwa hakipikwi kwa mkaa kidogo. Mafiga yaliwekwa upande unaotoka upepo ili harufu iwafikie mapema.

Jumatano hapakuwa na wageni, na ndiyo siku iliyotufundisha maana ya kukataza moto. Nilizunguka kilima na Ma Kokuhirwa, yeye na fimbo yake, nyumba kwa nyumba. Wa kwanza alikuwa anachoma tanuri la tofali. "Huu si moto, Ma, ni tofali." Wa pili alikuwa anachemsha maji ya kuoshea mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, na akashangaa kuhesabiwa pamoja na wachoma rweya. Wa tatu alikuwa anafukiza nyuki. Wa nne alikuwa anachoma takataka za kibanja chake, lakini alituhakikishia kwamba moshi wake huwa unaelekea kwa jirani. Kila mmoja aliitaka pampu kwa moyo wote. Kila mmoja aliona moto wake ni mdogo.

Tulikaa juu ya jiwe kupumzisha magoti yake. Vilima vya Rwanda havikuwepo. Hata kile chenye mikaratusi kilikuwa cha kubahatisha.

"Unajua watu hawa, Adela?" akaniambia. Adela ndilo jina langu, kwa mnaonijua kama Mama Jua tu. "Ukitangaza mkutano wanakuja watano. Ukitangaza msiba wanakuja wote, na wa kilima cha pili, na hakuna anayeshika hata jembe. Ningekuwa na uwezo ningetangaza mikutano yote kuwa msiba."

Tulicheka sana. Alikuwa na kicheko cha kupiga paja.

Alhamisi alfajiri alishuka kwenye chemchemi kuchota maji ya kuoga ya Anitha. Mgeni alikuwa amekataza, alisema ataoga kidogo, ataoga jioni, hataoga. Wenyeji wote walikuwa wamekataa kumsikiliza. Wanawake waliokuwa wakishuka walimkuta Ma Kokuhirwa kwenye kona ya katikati ya mlima, amekaa ameegemea ukingo wa njia, ndoo iko pembeni yake, imesimama, haijamwagika. Alikuwa amekwisha kufa. Walisema alionekana kama mtu anayepumzisha magoti.

Sitaandika sana kuhusu siku hiyo. Nililia, nikapika, nikafagia, nikalia tena. Anitha alikaa kwenye mkeka kati yetu wanawake, kichwa amekifunika kwa khanga niliyompa, na kila aliyeingia aliambiwa huyu ndiye mgeni aliyekuwa anachotewa maji. Walisema kwa kumheshimu. Yeye kila mara aliinama zaidi. Chombo chake kilikuwa kimefungwa kwenye sanduku, na hakuna aliyekitaja. Kwetu mtu akifa, kazi zote zinasimama mpaka azikwe.

Ijumaa, siku ya mazishi, kabla ya saa sita nilitoka kwenye umati nikaenda kusimama uani. Nikatazama magharibi kwa mazoea tu, bila kutafuta kitu. Vilima vya Rwanda vilikuwa pale. Niliona mikunjo yake, niliona mabonde, niliona mpaka vipande vya mashamba. Nikageuka nikatazama kivuli cha nguzo ya ua. Kando zake zilikuwa kali.

Nikaanza kuelewa polepole. Tangu jana asubuhi hakuna tanuri lililokolezwa. Hakuna aliyechemsha maji ya rubisi, hakuna aliyefukiza nyuki wala kuchoma takataka. Vilima vya jirani navyo vilikuwa vimetulia, kwa sababu Ma Kokuhirwa alikuwa na ndugu, mashemeji na wakwe kwenye kila kimoja, na wote walikuwa wamekaa uwanjani kwake. Upepo wa usiku ulikuwa umeondoa moshi uliobaki. Tuliwaomba kwa kipaza sauti, tukawaomba kwa fimbo, wakatushinda. Sasa alikuwa amewaita kwa namna yake, na wameitika wote. Nilimkasirikia kwa kufa, na nikatamani nimwite aje aone.

Moshi pekee uliobaki ulikuwa wetu wenyewe. Gogo la wanaume waliokesha lilikuwa bado linawaka mbele ya nyumba, na nyuma yake zilikuwa sufuria kubwa za bitoke, yaani ndizi za kupika, na maharage za kuwalisha waombolezaji.

"Adela, mbona unatazama juu?"

Alikuwa Ta Bagenda. Alikuwa amezeeka kwa usiku mmoja. Sikutaka kusema, lakini mtu aliyezoea kuandika anachokiona hawezi kudanganya akiulizwa.

"Vilima vya Rwanda vinaonekana," nikasema.

Akavitazama muda mrefu. "Kile chombo kiko wapi?"

"Kimefungwa, Ta. Ni msiba. Kupima ni kazi."

"Na Injinia anaondoka lini?"

"Kesho."

Kisha akageuka akatembea hadi kwenye gogo la wanaume, akaanza kulifukia kwa udongo kwa mguu wake, akiwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Wanaume wakainuka wakidhani amechanganyikiwa.

"Zimeni na kule jikoni," akasema.

"Waitu, ndugu yetu Ta Bagenda," akasema mama aliyesimamia sufuria, "na chakula? Watu wote hawa?"

"Watangoja. Wiki nzima alikuwa anawaomba mzime, mkakataa, na wa kwanza kuwasha ni mimi. Leo atapewa." Akasukuma udongo tena kwa kiatu. "Kulima hatulimi. Tunatazama jua tu. Kama ni kosa, ni langu."

Basi mioto ikafukiwa. Uwanja mzima wa watu wa Karagwe ulikaa mbele ya sufuria za bitoke zilizoiva nusu, ukangoja bila kunung'unika, jambo ambalo sikuwahi kuliona na sitaliona tena. Babu mmoja aliyechelewa aliuliza chakula kinangoja nini. Aliambiwa kinangoja jua. Akaitikia kwa kichwa, akatafuta pa kukaa.

Anitha alisimamisha chombo. Machozi yalimzuia kuiona ile nukta, kwa hiyo nililenga mimi yeye akaandika. Nilisoma, nikasubiri, nikasoma tena, jua likapita utosini likaanza kuinama, nasi tukaendelea mpaka akasema yametosha. Kisha akapiga hesabu ya fomula pembeni, ile ya nchi kame zenye anga angavu. Hesabu na vipimo vyetu vilitofautiana kwa kitu kidogo ambacho, alisema, hata jangwani kingekubalika.

"Imekubali," akamwambia Ta Bagenda.

"Haya," akajibu. "Washeni, watu wapate kula. Halafu tukamzike."

Pampu ililetwa baada ya mimi kustaafu. Nami, na mwavuli wangu, nikaalikwa kwenye uzinduzi. Ulikuwa tena kiangazi, na mgeni rasmi alikuwa mkubwa kuliko wale wa mwaka uliopita, kwa hiyo mnaweza kukisia. Vijana wa kamati ya mapokezi walikuwa wamesafisha. Walisafisha kuzunguka paneli zote, vizuri kabisa, asubuhi ileile, na moshi ulikuwa unapanda mteremko taratibu wakati mgeni rasmi anakata utepe. Akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatoa maji membamba kama ya birika, likakata. Mgeni rasmi akatabasamu, akasema teknolojia inahitaji subira, akarudi kwenye hotuba yake.

Ta Bagenda alikuwa meza kuu, ndani ya suti. Alinyanyuka bila kuomba ruhusa, akateremka kwenye majani yanayoungua, akavunja tawi, akaanza kuupiga moto. Watu wakatazamana. Kisha mmoja akamfuata, na mwingine, na mwenye tanuri la tofali, na mfukiza nyuki, mpaka mgeni rasmi akabaki anawahutubia walinzi wake. Walipomaliza walikuwa weusi wote. Moshi ulisogea, paneli zikapata jua, na tukiwa tumesimama pale tulisikia bomba likianza kwa kishindo.

Wanawake walikuwa wameshakimbilia foleni na ndoo zao, lakini Ta Bagenda alipofika walimpisha. Akanawa masizi mikononi. Akachukua ndoo iliyokuwa ya mkewe, ileile, aliyokuwa ameileta tangu asubuhi, akaijaza pomoni. Mwanamke mmoja akanyoosha mikono kumpokea, kama ilivyo kawaida yetu. Akakataa. Akaiinua, akaiweka kichwani mwenyewe, akaanza kutembea kuelekea nyumbani mbele ya kijiji kizima. Mwanaume mtu mzima kubeba ndoo kichwani kwetu ni kichekesho, na hakujua kuibeba. Maji yalimmwagikia mabegani, yakaingia ndani ya suti, yakachuruzika mgongoni njia nzima, na hakuna aliyecheka.